Kumhamisha shujaa wa komiki hadi kwenye filamu: mwongozo kamili kwa mwandishi na mwongozaji

Mwaka 1988, ilipotangazwa kwamba Michael Keaton ndiye atakayeigiza Batman, barua za malalamiko zilimiminika kwa maelfu katika ofisi za Warner Bros. Keaton alijulikana kwa vichekesho. Hakuwa na kidevu cha mraba wala kifua cha mnyanyua vyuma, na wasomaji wa komiki walikuwa na hakika kwamba shujaa wao anakwenda kufanywa kichekesho tena, kama alivyofanywa katika tamthilia ya televisheni ya mwaka 1966. Studio ikaunga trela haraka haraka ili kuwatuliza. Wapo waliolipa kiingilio cha filamu nyingine kabisa ili tu waione trela hiyo. Juni 1989 filamu ya Tim Burton ikatoka, barua zikasahaulika, na hadi leo wapo wanaompima kila Batman mpya kwa Keaton.

Miaka 24 baadaye ikatoka Man of Steel, filamu ya Superman. Safari hii hakuna aliyelalamikia umbo la mwigizaji: Henry Cavill alionekana kama amekatwa kutoka kwenye ukurasa. Lakini mwishoni Superman anamvunja shingo adui yake, Jenerali Zod, na ubishi juu ya shingo hiyo bado unaendelea.

Mimi naanzia hapo. Mashabiki wa Batman waliogopa mwili wa mtu, wakasamehe. Mashabiki wa Superman waligombana na uamuzi wa mtu, na wengi hawajasamehe. Ukitaka kumtoa shujaa kwenye kurasa na kumweka kwenye skrini, iwe ni filamu fupi ya kujifunzia au kazi ya kibiashara, kazi yako kubwa ni kujua kipi ni mwili na kipi ni uamuzi.

Hatua ya kwanza: Jua mali ni ya nani

Hili nitalipitia haraka, ila usiliruke. Jerry Siegel na Joe Shuster waliuza haki za Superman mwaka 1938 kwa dola 130, kisha wao na familia zao wakahangaika mahakamani kwa miongo kadhaa. Bill Finger, aliyechangia sehemu kubwa ya kumuumba Batman, alikufa bila jina lake kutajwa rasmi. DC, kampuni ya komiki inayommiliki Batman na Superman, ilikubali kumtaja mwaka 2015. Marvel, kampuni nyingine kubwa ya komiki, nayo ilifilisika mwaka 1996, na katika miaka hiyo ya dhiki haki za filamu za X-Men zikawa za studio ya Fox na za Spider-Man zikawa za Sony. Ndiyo maana Spider-Man hakuweza kukutana na Captain America kwenye skrini mpaka kampuni zilipopatana mwaka 2015. Unapoona shujaa fulani hayupo mahali alipostahili kuwapo, usihangaike kutafuta sababu ya kisanaa. Mara nyingi ni mkataba.

Superman wa kwanza kabisa hatakuwa mali ya umma nchini Marekani kabla ya mwaka 2034, na Batman 2035. Kwa hiyo filamu ya shabiki inayomtumia mmoja wao ifanye kwa kujifunza, usiitoze kiingilio, na ujue kwamba mwenye mali anaweza kuamuru iondolewe siku yoyote. Kama unataka kuuza, mtafute mchoraji wa hapa nyumbani mwenye shujaa wake, au umba wa kwako. Super Sema, msichana shujaa wa katuni iliyotengenezwa na kampuni ya Nairobi, alianza kuonekana YouTube mwaka 2021 huku Lupita Nyong'o akiwa miongoni mwa watayarishaji wakuu. Hawakuhitaji ruhusa ya DC wala Marvel.

Na mchoraji mwandikiane. Mkataba useme ni hadithi ipi, kwa miaka mingapi, kwa lugha zipi, malipo ni kiasi gani, na hasa nani mwenye neno la mwisho kuhusu mabadiliko. Kipengele hicho cha mwisho ndicho huvunja urafiki wa watu. Kwa Tanzania sajili kazi COSOTA, yaani ofisi ya hakimiliki, na upate kibali cha Bodi ya Filamu kabla ya kupiga picha. Kwa Kenya hakimiliki iko chini ya bodi ya hakimiliki, KECOBO. Na usidhani kwamba mchoraji akishafariki kazi yake ni ya kila mtu: nchi zote mbili zinailinda kwa miaka 50 baada ya kifo chake.

Hatua ya pili: Soma, lakini usisome kila kitu

Shujaa aliyeishi miaka 80 ameandikwa na watu wengi mno, na wanapingana. Superman wa 1938 hakuruka angani. Alikuwa anaruka kama panzi, toka jengo hadi jengo. Kupaa kulishika katika redio na katuni za sinema mwanzoni mwa miaka ya 1940, na jiwe la kryptonite lilitoka kwenye mchezo wa redio mwaka 1943 kabla halijaingia kwenye komiki. Anayekuambia "fuata asili" muulize anamaanisha asili ya mwaka gani.

Chukua mambo matatu: hadithi ya kwanza kabisa ya shujaa huyo, hadithi moja ambayo mashabiki huitaja wakiulizwa ipi bora, na moja ya miaka ya karibuni. Soma mara ya kwanza kama msomaji, miguu juu. Mara ya pili shika daftari na uandike vitu vitatu tu: alichagua nini, alikataa nini, alilipa gharama gani. Nguvu zake, silaha zake na majina ya maadui zake utayapata kwenye intaneti kwa dakika tano. Hayo matatu hutayapata huko.

Kisha ujiulize watazamaji wako walikutana naye wapi. Wengi wetu Afrika Mashariki hatukukua na komiki za Marekani mkononi. Tulikua na DVD za kuazimana, na vibanda umiza ambako Lufufu wa Tanzania au DJ Afro wa Kenya walikuwa wanatusimulia muvi kwa Kiswahili, wakiongeza chumvi na kumpa steringi maneno ambayo mwandishi wake hakuyawaza. Kwa kijana aliyeanzia hapo, Spider-Man wa asili ni Tobey Maguire, wala hana habari na karatasi za 1962. Naye ni shabiki, atakuja na kiingilio chake, na ataghadhibika sawasawa na yule mwenye sanduku la komiki chini ya kitanda.

Hatua ya tatu: Tenganisha nguzo na rangi

Hapa ndipo filamu nyingi hufa kabla hazijapigwa picha, kwa hiyo kaa hapa muda mrefu kuliko hatua nyingine zote.

Kila shujaa ana nguzo na ana rangi ya ukuta. Rangi unaweza kupaka upya kila mwaka. Ukibomoa nguzo paa linakuangukia. Ili kujua kipi ni kipi, chukua jambo moja, liondoe, kisha ujaribu kusimulia hadithi yake tangu mwanzo. Ikisimulika, hiyo ilikuwa rangi.

Tuanze na Spider-Man, kwa sababu anatupa majibu yote mawili. Kwenye komiki, Peter Parker anatengeneza mwenyewe vifaa vya kurusha utando. Sam Raimi katika filamu ya 2002 akaufanya utando utoke moja kwa moja kwenye vifundo vya mikono. Mashabiki wakachachamaa mtandaoni, wakaandikisha saini za kupinga. Hoja yao haikuwa ya kipuuzi: vile vifaa vinaonyesha kijana maskini mwenye akili kubwa. Hata hivyo filamu iliingiza zaidi ya dola milioni 800 na kelele zikaisha, maana nguzo ilikuwa imesimama. Nguzo yenyewe ni hii: kijana ana nguvu ya kumzuia mwizi, anamwacha apite kwa kinyongo, na mwizi huyohuyo anamuua mjomba aliyemlea. Ondoa utando, hadithi inaendelea. Ondoa mwizi, unabaki na mtu anayening'inia kwenye maghorofa.

Halafu mwaka 2007, katika filamu ya tatu, Raimi huyohuyo akaigusa nguzo. Tukaambiwa kumbe aliyempiga risasi mjomba Ben ni Flint Marko, yule mtu wa mchanga. Hatia ya Peter ikapungua uzito, na mashabiki waliokuwa wameusamehe utando hawakulimeza hili. Mwongozaji yuleyule, mwigizaji yuleyule, mashabiki walewale.

Hata ule usemi maarufu kuhusu nguvu kubwa na wajibu mkubwa ni rangi zaidi ya unavyodhani. Katika komiki ya 1962 mjomba Ben hausemi. Umo kwenye maelezo ya msimulizi katika picha ya mwisho. Filamu zikampa mjomba, na mwaka 2021 ukahamia kwa shangazi May. Watu walilia machozi sinema nzima, hakuna aliyeandika barua.

Deadpool ni mfano mfupi zaidi. Ni shujaa mropokaji, na mdomo wake ndio nguzo. Filamu ya Wolverine ya mwaka 2009 ikamshona mdomo. Aliyebuni hilo sijui alikuwa anafikiri nini. Mwaka 2016 akarudishiwa mdomo wake katika filamu iliyogharimu dola milioni 58 tu, ikaingiza zaidi ya milioni 780.

Wakati mwingine nguzo imo ndani ya nguvu yenyewe. Katika X-Men: First Class ya 2011, Edi Gathegi, mzaliwa wa Nairobi, aliigiza Darwin, kijana ambaye mwili wake hujibadilisha ili asiuawe na chochote. Maji yakija anaota matamvua kama samaki. Mtu huyo, ambaye kazi yake pekee duniani ni kutokufa, ndiye anayekufa wa kwanza kati ya vijana wenzake. Mashabiki walikasirishwa na mambo mawili kwa mpigo: kwamba mhusika mweusi ndiye aliyetolewa mapema, na kwamba hadithi imekana maneno yake yenyewe. Hoja zote mbili zilikuwa na mguu wa kusimamia.

Sasa turudi kwenye shingo ya Zod. Watetezi wa Man of Steel wana jibu zuri: Zod alikuwa anakaribia kuichoma familia, na Superman alimsihi aache. Wana na jibu la pili ambalo wengi hawalijui, kwamba Superman wa komiki naye alimuua Zod, mwaka 1988, katika hadithi ya John Byrne. Ni kweli. Ila soma kilichofuata kwenye komiki. Jambo lile lilimwandama, likamvuruga akili, hadi akajihamisha duniani kwa muda kwa kutojiamini. Kwenye filamu anapiga ukelele mmoja wa uchungu, na baada ya dakika chache tunaona utani na ofisi mpya ya gazeti. Kwangu mimi kosa liko hapo zaidi kuliko kwenye mauaji. Nguzo unaweza kuivunja kwa makusudi, lakini ukiivunja, hadithi yote iliyobaki ibebe uzito wake.

Utaniuliza: mbona Batman wa Burton aliua watu na barua hazikuja? Kwa sababu nguzo nazo huhama. Batman wa mwaka 1939 aliua bila wasiwasi. Mwiko wa kutoua uliwekwa baadaye kidogo, ukakomaa polepole mpaka ukawa ndiye yeye mwenyewe. Kufikia 2016, Batman wa Ben Affleck alipoonekana akiua, hasira zilikuwa kubwa kuliko za 1989. Pima nguzo kwa watazamaji wa leo, si kwa tarehe ya kuchapishwa.

Ukimaliza haya yote andika sentensi moja kwa mtindo huu: "Fulani ni mtu ambaye hata akiwa na hiki, hatafanya kile, kwa sababu ya lile." Ikikushinda, hujasoma vya kutosha. Ikitoka, ibandike ukutani mbele ya unapoandikia, na kila mwigizaji apewe nakala.

Hatua ya nne: Badilisha, lakini uwe na sababu ya ndani ya hadithi

Usiogope kubadilisha. Mabadiliko mazuri ya miaka ya karibuni yameyapita hata maandishi yaliyotangulia. Katika komiki ya 1991 ya Jim Starlin, Thanos anaangamiza nusu ya viumbe ili ampendeze Kifo, ambaye huko ni mwanamke. Kwenye filamu ya 2018 anafanya hivyohivyo kwa madai kwamba mali za ulimwengu hazitoshi. Kitendo kilibaki, sababu ikabadilika, na watu wakatoka sinema wakibishana kama jitu lile halikuwa na hoja. Mapenzi na Kifo yangehitaji saa nzima ya kuelezwa.

Black Panther ya mwaka huohuo ni darasa kamili. Killmonger, adui wa hadithi, akafanywa binamu wa mfalme, aliyekulia Oakland akiwa yatima, na kwa badiliko hilo moja ugomvi wa kiti cha enzi ukawa ugomvi kati ya Waafrika na ndugu zao waliosahauliwa ng'ambo. M'Baku kwenye komiki aliitwa Mtu-Nyani na kuvishwa manyoya. Mwongozaji Ryan Coogler alilitupa jina, akaacha sokwe abaki kuwa alama ya kabila la mlimani, na akampa Winston Duke mhusika mwenye heshima na ucheshi. Sikusikia shabiki mmoja akidai manyoya yake.

Ramani za Marvel huiweka Wakanda Afrika Mashariki, jirani na Ziwa Turkana, ilhali watu wake wanaongea Kixhosa cha Afrika Kusini. Chanzo chake ni mzee John Kani, aliyeigiza mfalme T'Chaka mwaka 2016 akaongea lugha yake mwenyewe, na lugha ikabaki. Filamu ilibeba hilo bila shida kwa watazamaji wengi duniani, ila mtu wa Lodwar au Marsabit alikuwa na haki ya kuinua nyusi. Ukiweka nchi ya kubuni kwenye ramani ya kweli, majirani watakuja kukagua mipaka.

Sababu mbovu ninazozisikia mara kwa mara ni hizi: "ili iendane na wakati" na "filamu fulani nayo ilifanya hivyo". Kila badiliko liandikie mstari mmoja unaosema linafungua tukio gani ambalo awali halikuwezekana. Kama halifungui kitu, rudisha kilichokuwapo.

Hatua ya tano: Geuza ukurasa uwe tukio

Msomaji wa komiki ndiye mwenye saa. Anaweza kukaa na picha moja dakika tatu, akarudi nyuma, akaruka. Kwenye filamu saa ni ya mhariri. Ndiyo sababu kunakili picha moja baada ya nyingine hakutoshi. Zack Snyder alijaribu mwaka 2009 na Watchmen, hadithi ya Alan Moore na Dave Gibbons ya 1986 hadi 1987. Picha nyingi zimefanana na ukurasa kwa ustadi wa ajabu, na bado filamu inakwenda kwa mwendo mzito, kwa kuwa komiki ile ilitegemea macho ya msomaji kutangatanga kwenye kurasa. Moore mwenyewe alikataa jina lake liandikwe, hata kabla ya kuiona.

Fanya hivi. Katika hadithi uliyoichagua teua picha chache, tuseme tano au sita, ambazo shabiki asipoziona atadai pesa yake. Kwa kila moja andika nini kimetokea sekunde kumi kabla na nini sekunde kumi baada. Komiki haikuonyesha hizo sekunde. Ni zako, na ndizo filamu yenyewe. Kisha jenga njia kutoka picha hadi picha, ukikumbuka kwamba ukurasa mmoja wa skripti hula takriban dakika moja.

Mawazo ya shujaa, yale yanayoandikwa kwenye visanduku, yana dawa tatu. Mpe mtu wa kuzungumza naye. Au geuza wazo liwe tendo: badala ya kusema ana hofu, afunge mlango mara mbili. Au lifute, maana uso wa mwigizaji mzuri utalisema. Sauti ya msimulizi iwe ya mwisho kabisa, na wengi huanza nayo kwa uvivu.

Kuhusu bajeti: nguvu ni ghali, matokeo yake ni rahisi. Kumwonyesha mtu akiinua daladala kunahitaji kompyuta na mafundi. Kuonyesha abiria wanaotetemeka barabarani huku daladala imesimama juu ya kibanda cha chipsi kunahitaji asubuhi moja na busara. Chagua shujaa mwenye nguvu moja.

Hatua ya sita: Mwili na vazi

Heath Ledger alipotangazwa kuwa Joker, adui wa Batman, mwaka 2006 alikejeliwa kila kona ya mtandao. Alifariki Januari 2008, filamu ikatoka Julai, na Februari 2009 akapewa Oscar akiwa kaburini. Wolverine wa komiki ni mfupi, kama sentimita 160; Hugh Jackman ana karibu 188 na amekuwa Wolverine tangu mwaka 2000. Kwa hiyo chagua anayeweza kuubeba ule uamuzi ulioubandika ukutani, halafu ndipo uangalie urefu.

Asili ya mhusika, hata hivyo, usiifanye ya bure. Storm wa X-Men, aliyeanza 1975, mama yake ni wa ukoo wa kifalme wa Kenya. Katika filamu Halle Berry alianza na lafudhi fulani, kisha lafudhi ikayeyuka filamu zilizofuata, na Kenya yake haikupata nafasi ya maana. Simaanishi irudishwe yote. Kwenye komiki Profesa Xavier anamkuta Kenya akiabudiwa kama mungu wa kike, na hilo ni rangi ambayo mimi ningeipaka upya bila kusita. Lakini msichana mwenye mizizi ya hapa aliyepoteza wazazi na kujilea mwenyewe, hapo pana filamu nzima inayosubiri.

Vazi lijaribiwe mbele ya kamera kabla ya siku ya kazi: juani, usiku, mtu akiwa na jasho, akikaa, akigeuza shingo. Usicheke hilo la shingo. Batman wa 1989 hakuweza kugeuza kichwa bila kugeuza mwili mzima, na ilichukua hadi 2008 kumshonea vazi linalomruhusu.

Hatua ya saba: Onyesha kabla hujamaliza

Ita watu kumi na wawili hivi, nusu yao wakiwa wanaomjua shujaa kwa undani na nusu wasiomjua kabisa. Ndugu zako usiwaite, watakusifu. Usikae chumbani nao. Baadaye usiwaulize kama wameipenda. Waulize: ni wapi ulishika simu? Ni wapi hukuelewa kwa nini alifanya alichofanya? Wasiomjua wakipotea mahali na wanaomjua wakakuelewa, umewategemea mno mashabiki. Wanaomjua wakinuna mahali ambapo wengine wamefurahi, rudi kwenye hatua ya tatu, uangalie kama umegusa nguzo.

Kipande kifupi kizuri kinaweza kukufanyia kazi kubwa. Filamu ya Deadpool ilipata kibali cha studio baada ya majaribio yake ya dakika chache kuvuja mwaka 2014 na watu kuyashangilia.

Hatua ya nane: Sikiliza kelele kwa masikio mawili

Filamu ikitoka, kelele zitakuja. Kwanza pima kama zimetoka kwa walioona. Mapema 2019, kabla Captain Marvel haijaonyeshwa popote, watu waliishushia alama makusudi kwenye Rotten Tomatoes, tovuti ya kupima filamu, mpaka tovuti ikaondoa sehemu ya maoni ya kabla ya filamu kutoka. Filamu ikaingiza zaidi ya dola bilioni 1.1. Hasira ya aina hiyo haihusu filamu, na usiijibu.

Pili, kelele moja inaweza kuwa na watu wa namna nyingi. Baada ya filamu ya Justice League ya 2017 kuharibika, Snyder akiwa amejiondoa kwa msiba wa binti yake na mwingine akapiga picha upya, mashabiki walidai toleo lake kwa zaidi ya miaka miwili. Walichanga mamia ya maelfu ya dola kwa ajili ya kuzuia watu kujiua. Humohumo walikuwamo waliotukana watu, na uchunguzi uliochapishwa na jarida ukaja kuonyesha kwamba sehemu ya akaunti zilizopiga kelele zilikuwa bandia. Toleo la saa nne lilitoka Machi 2021, na ni bora kuliko lile la kwanza. Ukiwadharau wote kwa sababu ya waliotukana utakosea, na ukidhani wingi wa akaunti ndio wingi wa watu utakosea vilevile.

Tatu, yapo malalamiko yasiyo na jibu sahihi. Chadwick Boseman, aliyeigiza Black Panther, yaani mfalme T'Challa, alipofariki Agosti 2020, wengine walitaka T'Challa apewe mwigizaji mwingine ili watoto wasimpoteze mfalme wao. Wengine waliona hilo ni kukosa heshima kwa marehemu. Coogler akachagua kumzika mfalme ndani ya hadithi. Mimi ningefanya kama yeye, lakini wale wa upande wa pili sitawaita wajinga.

Yaliyobaki, yale yanayotoka kwa walioona, yanayotaja tukio mahususi, na yanayogusa uamuzi wa mhusika, yaandike kwenye daftari lako la filamu ya pili. Iron Man 3 ya mwaka 2013 ilimgeuza Mandarin, adui mkubwa kuliko wote wa Iron Man, akawa mwigizaji mlevi aliyekodiwa. Ilikuwa mbinu ya kuchekesha na mashabiki wengi waliichukia. Marvel hawakuomba radhi wala kubishana. Mwaka 2014 walitoa filamu fupi iliyodokeza kwamba Mandarin wa kweli yupo na amekasirika kuigizwa, na mwaka 2021 wakamleta mwigizaji Tony Leung kama Mandarin huyo, akiwa na pete zake kumi, baba mwenye majonzi na hatari, huku yule mlevi naye akiwa bado yumo, kifungoni kwa aliyemwigiza.